Hoteli za Reli Zilizokosa Reli



Msimu wa harusi umeingia, na naona siku hizi wari wetu wanakwenda mbali. Zamani mtoto akitolewa Mji Mkongwe akapelekwa Ng'ambo, bibi zetu walilia kama kavuka bahari. Sasa unasikia fulani kaolewa Songea, fulani kaolewa Sumbawanga. Mwezi uliopita nilikuwamo katika msafara wa kumpeleka mtoto wa dada yangu kwa mumewe Mbeya. Boti mpaka Dar es Salaam, tukalala, tukaondoka stendi ya Mbezi adhana ya alfajiri haijasikika. Mabegi yalikuwa hayajapangwa sawa chini ya basi, mwari akanisogelea sikioni: "Mama mdogo, hivi njiani tutakula wapi?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu la haraka. Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mtu atakula, atakwenda haja, ataswali. Na mwanamke aliyejisitiri, tena bibi harusi mwenye hina mbichi mikononi, hawezi kufanya hayo popote tu. Tulipofika, baba mkwe wake, mzee aliyeijua Mbeya ya zamani, akatuonesha jengo moja katikati ya mji, akasema, "Hapo ndipo palipokuwa Relwe. Wasafiri wa maana walikula hapo." Nikamuuliza reli iko wapi. Akacheka yeye sasa. Stesheni ya TAZARA iko huko pembeni ya mji, wala si ya watu waliokuwa na hoteli ile.

Basi nikaanza kufuatilia, na leo nakuleteeni nilichokipata, kwa sababu swali la mwari wetu lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na ramani. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilipita Morogoro, Dodoma, Tabora. Nyanda za Juu Kusini ikaziacha kando kabisa. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza, walowezi walikuwa wanaingia Iringa na Sao Hill kulima, na Mbeya ukawa mji mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wote hao wakataka reli. Mwaka 1929 mhandisi Clement Gillman aliandika ripoti ya upimaji wa njia ya kwenda kusini magharibi. Kisha dunia ikaingia kwenye mdororo wa uchumi, na ripoti ikabaki karatasi.

Shirika la reli likafanya jambo ambalo ukilisikia utadhani mzaha. Reli haifiki? Basi magari yatafika kwa jina la reli. Likaendesha mabasi na malori kutoka stesheni za Reli ya Kati: kutoka Dodoma kwenda Iringa, kutoka Itigi kupitia Chunya kwenda Mbeya, na kati ya Iringa na Mbeya. Ulikata tiketi kwa reli, ukapanda gari la reli, ukasafiri siku nzima kwenye vumbi bila kuona chuma hata kimoja cha reli.

Na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, lazima abiria alale na ale. Ndipo zikawepo hoteli. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda likawa shirika moja la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na hoteli zikawa chini yake: Dodoma, Tabora, Iringa na Mbeya. Mbili za kwanza zilikaa karibu na treni. Hizi mbili za mwisho zilikaa kwenye barabara tu, ile iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyokusudiwa kwenda kutoka Cape mpaka Cairo. Kwa lugha ya leo tungesema ni mgahawa wenye matawi. Mwenye mali mmoja, utaratibu mmoja, na msafiri aliyekula Dodoma alijua Mbeya atakuta nini.

Atakuta nini? Atakuta Uingereza. Supu, nyama ya oveni na viazi, pudini, chai ya maziwa saa kumi, na baa. Meza zenye vitambaa vyeupe. Wahudumu walikuwa wanaume, na katika hoteli nyingi za kikoloni Afrika Mashariki nzima walivishwa kanzu nyeupe na kofia nyekundu. Hili lilinichoma kidogo, sikufichi. Kanzu ambayo kwetu mume huivaa Ijumaa na siku ya nikaha, pale ilikuwa sare ya kumbebea mwenzako sahani, na pengine juu ya sahani mna nyama ya nguruwe.

Wateja walikuwa maofisa, walowezi, wachimba dhahabu waliobahatika. Mwafrika aliyesafiri kwa gari hilohilo alikaa daraja la chini, na jioni ilipoingia alitafuta jamaa, au baraza, au kibanda sokoni. Mwislamu alielekea msikitini kwanza, kisha akauliza nani anapika. Miji ya Iringa na Mbeya ilikuwa na Waswahili wake, Wahindi wake, na Waarabu wenye maduka, na mikononi mwa wake zao ndimo mlimokuwa na maandazi, chai ya rangi na wali wa msafiri. Hayo hayakuingia kwenye vitabu vya shirika.

Ukinitaka niseme zilisitawi kwa sababu gani hasa, nitakwambia: kwa sababu ya uzito wa safari. Barabara ilikuwa ya udongo, mvua za masika ziliikata, na hakuna gari lililotoka Dodoma likafika Mbeya jua halijazama. Hoteli iliishi kwa kuchelewa kwa abiria. Ukiichukua hiyo, meza haina mtu.

Mbeya ilikuwa imeshaonjeshwa jambo hili mapema, kwa ndege. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari za kwenda Cape Town, ndege zake zilitua Dodoma, kisha Mbeya, kisha Mpika huko Rhodesia ya Kaskazini. Mji mchanga kabisa, na tayari unapokea abiria kutoka London! Miaka 5 baadaye, 1937, shirika likahamia kwenye ndege zinazotua majini, zikapita pwani, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Mbeya haina bahari. Abiria wale wakaondoka na chai yao.

Amerika nako kulikuwa na kisa cha namna hii, na nakisimulia kwa kuwa kina wari ndani yake. Fred Harvey, Mwingereza aliyehamia Marekani, alifungua chumba cha kulia stesheni ya Topeka, Kansas, mwaka 1876, na baadaye akawa na migahawa kwenye njia nzima ya reli ya Santa Fe. Kuanzia 1883 aliajiri wasichana kuhudumia meza, wenye mavazi ya heshima ya shingo mpaka chini, wakilala bweni chini ya uangalizi, na mkataba ukiwataka wasiolewe mpaka muda wao uishe. Wengi waliolewa huko huko magharibi. Magari na ndege vilipochukua wasafiri, na migahawa ile ikafifia. Tofauti na ya kwetu ni hiyo: Marekani waliweka mwanamke mbele ya meza, hapa mwanamke hakuonekana, si mezani wala jikoni. Subirini, atakuja.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Milango ya hoteli ikawa wazi kwa maofisa wapya na kwa kila mwenye uwezo wa kulipa. Kwa miaka michache mambo yalikuwa mazuri. Kisha tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, wakajitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta njia yake ya mafuta na shaba imezibwa. Mafuta ya Zambia yakaanza kupita kwetu kwa malori, kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya, kwenye barabara ile ile ya udongo. Madereva waliipa jina la njia ya jehanamu, audhubillah, kwa jinsi magari yalivyopinduka na kuungua.

Ungedhani wingi wa magari ungekuwa neema kwa hoteli. Haukuwa hivyo, kwa sababu mteja alibadilika. Dereva wa lori na utingo wake hawataki pudini wala kitambaa cheupe. Wanataka sahani ya ugali au wali iliyojaa, nyama, mchuzi wa moto, saa yoyote, na wanataka kukaa mahali wanapoliona gari lao. Hoteli ya reli ilikuwa ndani ya mji, ina saa maalumu za mlo, na lori halina pa kuegesha.

Likafuata bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968. Ikafuata barabara ya lami, iliyofika Tunduma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na kati ya 1970 na 1975, kwa mkopo wa China, ikajengwa TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi 1976. Reli iliyosubiriwa tangu enzi za Gillman ikafika Mbeya. Lakini ilikuwa ya mamlaka nyingine, ya Tanzania na Zambia, yenye stesheni zake na vyakula vyake ndani ya mabehewa. Hoteli ya Relwe ikabaki mjini na jina la reli isiyo yake.

Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mali zikagawanywa, likaundwa Shirika la Reli Tanzania, na hoteli zikawa mtoto wa kambo. Shirika lililokosa vichwa vya treni na vipuri litakumbuka vipi kununua mashuka ya Iringa? Kisha vita vya Kagera, kisha miaka ya mwanzo ya 1980 ambayo wakubwa wetu wakiisimulia wanashika tama: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa ngano hadithi. Hoteli ya serikali ilipaswa kununua kwa bei ya serikali vitu ambavyo kwa bei ya serikali havipo. Mkono wa hoteli ukafungwa, wa mwanamke mwenye sufuria haukufungwa.

Na hapa ndipo alipoingia. Mama ntilie. Jina lenyewe ni sauti ya mteja mwenye njaa, mama nitilie, amenyoosha sahani. Alipika alichokipata: mchele wa Usangu ukipatikana, ndizi za Tukuyu zikipatikana, viazi mviringo ambavyo Mbeya havikosekani. Hakuwa na leseni, hakuwa na kitambaa, aliwahi kufukuzwa na askari wa mji akarudi kesho yake. Alipika pale lori linaposimama. Makambako palipo na njia panda ya kwenda Njombe na Songea, Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, Mafinga kwenye baridi, Uyole kwa wanaokwenda Tukuyu na Kyela. Ukiangalia vizuri, hayo ndiyo matawi yenyewe ya barabara ile, ila kila tawi lina mwenyewe.

Ulipokuja ubinafsishaji katika miaka ya 1990, hoteli za reli zikaondoka moja moja mikononi mwa shirika. Ya Dodoma ikawa New Dodoma Hotel. Ya Mbeya ipo, inaitwa Mbeya Hotel, na kijana wa leo hajui kama iliwahi kuwa ya reli.

Miaka hiyohiyo ya 1990 serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kutembea usiku kwa sababu ya ajali. Hili ndilo lililotupa chakula cha basi kama tunavyokijua. Mabasi yote yakaondoka Dar es Salaam alfajiri, na yote yakawa na njaa saa moja, mchana, kabla au baada ya kupanda Kitonga. Ikajengwa migahawa mikubwa ya kando ya barabara, yenye uwanja wa mabasi kumi, chakula kimeshapakuliwa, dakika ishirini tu. Marufuku iliondolewa mwaka 2023 na mabasi sasa yanatembea usiku pia. Migahawa iliyotegemea mchana italazimika kujifunza tena. Na dereva ndiye anayechagua asimame wapi, abiria hana kauli. Hilo mjue kabla hamjapanda.

Sasa niseme langu. Siililii hoteli ya Relwe. Mama yangu asingekaribishwa mle, na angekaribishwa asingekula. Lakini iko kitu kimoja walichokuwa nacho ambacho nakitamani: palikuwa na mtu wa kuuliza. Choo kikiwa kichafu, yupo anayewajibika. Katika historia ya Kiislamu nako tuliwahi kuwa nacho, tena bora zaidi. Waseljuki katika Anatolia walijenga mahani kwenye njia za misafara, mengine yakiwa wakfu, na msafiri alilazwa na kulishwa siku tatu bila malipo. Msafiri aliyekatikiwa njiani ametajwa miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka. Dini yetu haikuliona jambo la njiani kuwa dogo.

Njia ya leo kwa mwanamke aliyejisitiri ina mitihani mitatu, na nakuambieni bila haya kwa kuwa tuko wenyewe.

Choo ndicho cha kwanza. Mnajua neno "kuchimba dawa". Basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na buibui lako na upepo. Wakubwa wa usafiri wamelikataza lakini bado linatokea. Mgahawa mmoja tuliosimama, nisiutaje, choo cha wanawake kilikuwa na mlango usiofungwa, tukasimamiana zamu na kanga. Msafara wowote wa mwari uwe na kanga mbili za ziada, si za zawadi.

Halafu kisu. Machinjio mengi ya nchi hii yana ada ya kuacha Mwislamu achinje, na hilo limetupa raha miaka mingi. Lakini Nyanda za Juu Kusini nguruwe analiwa sana, na kitimoto huweza kukaangwa jirani kabisa na chipsi zako, pengine mafuta mamoja. Uliza. Usione haya kuuliza. Mama yule aliyetupakulia pale Iringa nilimuuliza, "Mama, nyama hii kachinja nani?" Hakununa hata kidogo. Alininyooshea kidole bucha la ng'ambo ya barabara, akataja jina la mchinjaji, akasema, "Na mimi ni Mkristo, mwanangu, lakini sufuria ya nguruwe haingii hapa, wateja wangu nawajua." Kwangu mimi neno lile lilizidi vitambaa vyote vyeupe.

Na swala. Safari ya namna hii inakuruhusu kupunguza na kukusanya, adhuhuri rakaa mbili na alasiri rakaa mbili, kwa hiyo dakika ishirini zinatosha ukijipanga: udhu kwanza, swala, chakula mwisho, hata ukila kimesimama kwenye basi. Migahawa kadhaa sasa ina chumba kidogo cha kuswalia, mara nyingi cha wanaume, na ukiomba mtapishwa zamu. Sisi tuliswali nyuma ya stoo ya soda juu ya kanga zile zile, mwari katikati yetu, na honi ya basi ikalia tukiwa kwenye tahiyatu.

Tulifika Mbeya usiku, baridi ya kukata mifupa, mwari kavaa sweta la mumewe juu ya nguo ya harusi. Juzi kanipigia simu. Niliwaza atalia, anataka kurudi. Kumbe anauliza bei ya nazi sokoni kwetu, na kama inawezekana kupeleka gunia kwa basi. Huko zipo lakini ghali, anasema, na wali wa nazi hakuna anayeupika barabarani. Ameshaona mahali, karibu na mabasi yanapogeuzia pale Uyole. Mumewe amekubali. Choo, kaniambia, atajenga kabla ya jiko.